Gari lenye jina lako hukusema hata usipokuwepo

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge hapa Mwanza. Mwezi ujao natimiza miaka 40, na mume wangu anataka kunipa zawadi ya namba ya jina, yaani pleti yenye jina langu badala ya namba ya kawaida, kwenye gari langu, Harrier namba D. Ametenga shilingi milioni 10. Wifi yangu anasema ni hela ya kutupa, lakini kwangu hela si hoja kubwa, zawadi ni zawadi. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: ukiacha hela, kuna ubaya gani? Kila nikiuliza naambiwa tu ni kujionyesha, sababu hasa sipewi.

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera ya arobaini kabla haijafika. Umeuliza vizuri. Hela nitaigusa kidogo huko mbele, maana ina upande mmoja ambao wifi yako hakuutaja, lakini tuanze na ulichouliza.

Kuhusu kujionyesha, mimi sina ugomvi nako. Watu wetu tunapenda jina na neno. Kanga ina jina lake, jahazi lina jina lake ubavuni, daladala ina maneno yake kwenye kioo cha nyuma. Mtu aliyehangaika sokoni miaka mingi akatamani kuliona jina lake likipita barabarani, sioni kosa. Ila kanga unaivua jioni, unaikunja, kesho unavaa nyingine. Namba ya gari huivui. Inalala nje ya nyumba yako, inakwenda gereji na fundi, inakwenda sokoni na dereva, inakwenda na mdogo wako aliyeomba gari "mara moja tu nakurudishia".

Kazi yangu kwa miaka 21 ni kukagua magari yaliyopata ajali na kuandika ripoti za madai ya bima. Magari yenye namba za majina niliyoyakagua si mengi, lakini karibu kila moja liliniachia jambo la kufikiria. Nitakupa moja.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, mtu mpole kabisa, alikuwa Dodoma kwenye harusi ya mpwa wake. Gari lenye jina lake lilibaki na dereva, ambaye jioni ile alitumwa kuchukua mzigo. Barabarani akamgusa mtu wa bodaboda, abiria akaanguka akavunjika mguu. Watu wakaanza kukusanyika, dereva akaogopa kupigwa, akaondoka akaenda moja kwa moja kituo cha polisi kujiripoti. Wanaoujua mji wanaelewa kwa nini alifanya hivyo. Lakini kijana mmoja alikuwa amesharekodi video. Haikufika nusu dakika: mtu amelala chini, gari linaondoka, na nyuma yake jina limesomeka wazi. Usiku huohuo simu ya tajiri ikaanza kuita kule ukumbini Dodoma, watu wakimuuliza kwa nini amegonga mtu akakimbia.

Mimi nililiona gari siku ya tatu, uwanjani kwa polisi. Pleti ya mbele ilikuwa imekunjika katikati na herufi ya mwisho imefutika kwa msuguano wa lami. Hata hivyo vijana waliokuwa wanaosha pikipiki pembeni walinitajia mwenye gari kabla sijauliza. Dai lilikwenda vizuri: majeruhi alitibiwa na kulipwa, dereva kesi yake ikaisha, bima ikatimiza wajibu. Kwenye makaratasi mwenye gari hakuwa na kosa lolote. Lakini zaidi ya mwaka baadaye tulikutana, akaniambia bado kuna wateja wanaomtania kwa lile jambo, na wengine hawatanii. Kama gari lingekuwa na T, tarakimu tatu na herufi tatu, ile video ingebaki kuwa video ya "gari fulani jeupe".

Jiulize sasa hivi: namba ya gari la jirani yako ni ipi? La mteja wako mkubwa? La mume wako mwenyewe? Watu wengi hawajui hata ya kwao mpaka watazame kadi. Namba ya kawaida inasahaulika sekunde ileile inapopita, na kule kusahaulika ni ulinzi ambao umepewa bure siku gari liliposajiliwa. Polisi wakiitaka wataipata, TRA, watu wa mapato wanaosajili magari, wakiitaka wataipata. Mpita njia hawezi kuibeba kichwani. Ukiweka jina, ulinzi huo unauondoa kwa hiari yako, tena kwa kulipia.

Na Mwanza, dada, mji ni mkubwa ila wafanyabiashara mnajuana. Gari lako likisimama hospitali ya Bugando siku tatu mfululizo, mtaa mzima utajua una mgonjwa au unaumwa wewe, na kila mmoja atachagua ugonjwa wa kukupa. Likisimama nje ya ofisi ya mikopo, wanaokukopesha mzigo wataanza kukupigia kukumbushia. Likionekana limeegeshwa kwenye nyumba ya wageni Shinyanga kwa sababu umelala ukisubiri asubuhi uendelee na safari, nani atasubiri kusikia hadithi yako? Hakuna uovu wowote katika hayo yote. Ni maisha ya kawaida tu, ambayo mtu anastahili kuyaishi bila kutolewa taarifa.

Kuna na lile la usalama, na hapa nakuomba usinisome haraka. Wewe unauza vitenge, maana yake kuna siku unasafiri na hela au unarudi na mzigo. Mwanza mpaka Kariakoo ni zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Mtu akiliona jina lako sheli ya Singida asubuhi, amejua mambo matatu kwa mpigo: uko njiani, unaelekea wapi, na nyumbani kwako Mwanza hayupo mwenye nyumba. Picha moja kwenye status ya WhatsApp inatosha, tena aliyeiweka anaweza kuwa shabiki wako kabisa, amefurahi kukuona. Kama unalitumia gari hilohilo kupeleka watoto shule, basi jina lako limewatambulisha na watoto, na saa wanazoingia na kutoka. Mwizi wa kawaida angehitaji wiki nzima ya kukufuatilia ili ayajue haya.

Wapo wanaosema namba ya jina inazuia wizi kwa sababu gari litatambulika. Kwa mtu anayeliona likipita, ni kweli. Lakini pleti imeshikwa na skrubu chache, na mwizi anayejua kazi yake anaanza na hizo.

Mambo madogo madogo nitayapitia mbiombio. Fundi akiona jina, bei inapanda kabla hujafungua boneti. Kadi za michango ya harusi zitaongezeka, na kiwango utakachotarajiwa kutoa kitaongezeka pia. Ukipigwa tochi kwenye kibao cha 50, faini ni ileile ya shilingi 30,000 kama ya mwingine, ila picha yako inayotumwa mbele kwa trafiki wa kituo kinachofuata haina haja ya kusomwa mara mbili.

Turudi kwenye makaratasi, maana hapo ndipo ninaposhinda kutwa. Siku hizi kila kinachohusu gari kimefungwa kwenye namba. Deni la faini za barabarani unaliangalia kwa namba. Maegesho ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, yanadaiwa kwa namba. Bima yako, ukiitafuta kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, inatokea kwa namba. Ukivuka mpaka Sirari au Namanga, kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia mipaka, imeandikwa namba. Ukibadilisha namba leo, hayo yote hayakufuati yenyewe. Nimewahi kupokea dai ambalo gari limegongwa likiwa na jina, na hati ya bima bado inasoma namba ya zamani. Halikukataliwa, lakini lilisimama wiki kadhaa huku mteja akizunguka kutafuta uthibitisho kwamba gari ni lilelile, na yeye katika wiki hizo alikuwa anapanda bajaji. Lilihitaji tu taarifa ya siku moja kwa kampuni ya bima, na kwenye shangwe ya namba mpya hakuna aliyekumbuka.

Na vioo? Kama umeshachora namba yako kwenye saiti mira, taa na vioo vya milango, kama wengi wetu tunavyofanya kuwakatisha tamaa wezi wa vifaa, gari litakuwa na namba mbili: moja mwilini, nyingine kwenye pleti. Ukichora jina juu yake, vioo vitabaki na jina hilo hata ukiwa umeshaliuza gari. Trafiki makini akiona vioo vinasema hivi na pleti inasema vile, atakusimamisha, na atakuwa anafanya kazi yake.

Mifumo nayo ina visa vyake. Marekani, jimbo la California, mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta aitwaye Joseph Tartaro alichukua namba iliyoandikwa NULL, neno ambalo programu za kompyuta hulitumia kumaanisha "hapa hapana kitu". Matokeo yake, faini za watu wengine ambazo hazikuwa na namba ya gari zikaanza kumwangukia yeye, hadi zikapita dola 12,000. Alikieleza kisa chake mwaka 2019 kwenye mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta Las Vegas. Jina lako halitakupeleka huko. Nakisimulia kwa sababu mifumo ya namba imetengenezwa kwa ajili ya magari ya kawaida, na anayejitoa kwenye kawaida anakuwa wa kwanza kukutana na kasoro zake.

Siku ya kuuza nayo itafika, hata kama leo huifikirii. Wewe mwenyewe ukinitajia gari lako umeniambia ni "Harrier namba D". Ndivyo tunavyoyauza magari nchi hii: namba C, namba D, namba E. Mnunuzi anauliza namba kabla hajauliza imetembea kilomita ngapi, kwa sababu herufi ile inamwambia gari limeingia nchini lini. Jina halimwambii kitu, na mnunuzi asiyeambiwa kitu huhisi anafichwa. Waingereza wana mfumo unaofanana na wetu, namba zao tangu Septemba 2001 zinaonyesha gari limesajiliwa lini, na sheria yao inakataza kuweka namba itakayolifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Hawakuweka katazo hilo bure. Wewe itakubidi umwonyeshe mnunuzi kadi na historia ya usajili na umweleze habari ya jina kabla mazungumzo ya bei hayajaanza, na dalali atatumia kila dakika ya maelezo hayo kukupunguzia.

Usimruhusu mtu akwambie ni uwekezaji. Najua hoja hiyo inatoka wapi: ndugu zetu walioko Ghuba wanatuma picha za minada. Ni kweli, Dubai mwezi Aprili 2023 namba P 7 iliuzwa kwa dirham milioni 55. Lakini kule namba ni mali, inapigwa mnada, inauzwa tena. Hapa kwetu unacholipia ni ruhusa ya kutumia jina kwa miaka mitatu. Muda ukiisha hujabaki na kitu cha kuuza, na jina lako mwenyewe hakuna mwingine anayelihitaji.

Sasa ule upande wa hela. Milioni 10 kwa miaka mitatu ni kama shilingi 277,800 kila mwezi. Na kiwango hiki hukipangi wewe. Katika bajeti ya mwaka 2016/17 ada ya namba binafsi, ndiyo hii ya jina, ilipandishwa kutoka milioni 5 hadi milioni 10 kwa mara moja, na waliokuwa na majina kwenye magari yao waliukuta mzigo umekuwa mara mbili. Kabla ya kulipa chochote, mumeo aende TRA aulize ada ya mwaka huu, na aulize pia inavyokuwa siku ya kuhuisha. Mwaka 2017 ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, tukapumua, tukasahau kabisa habari ya kulilipia gari ada ya kujirudia. Namba ya jina inakurudisha huko. Jambo lingine ni kwamba malipo haya yanaingia kwenye kumbukumbu za mamlaka ileile unayopelekea hesabu zako za biashara. Kama hesabu zako zinasema duka linajikongoja huku gari lina jina la mamilioni, tengeneza kwanza hesabu.

Lakini lililo zito kuliko hesabu zote hizo ni siku ya kulitoa jina. Hili watu hawalifikirii kabisa wanapoliweka. Miaka mitatu imepita, biashara iko sawa, ila una mtoto anaingia chuo na umeona hela hiyo ina kazi nyingine. Unarudi kwenye namba ya T. Wewe umefanya uamuzi wa mtu mzima. Mtaa utasema nini? Utasema umefilisika. Na kwa kuwa jina aliliweka mumeo kama zawadi, wengine watasema ndoa imevunjika. Nilimkagulia gari mama mmoja ambaye alikuwa amehuisha mara mbili kwa mkopo, mkopo wa benki, ili tu watu wasilione gari lake na namba ya kawaida. Aliniambia hivyo tukiwa tumesimama juani gereji, akiwa ameishika pleti yake mkononi kwa sababu bampa lilikuwa limeng'olewa. Alikuwa anaifuta vumbi kwa upande wa mtandio wake huku anaongea. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, nikaendelea kuandika. Kila anayeniuliza swali lako, namkumbuka yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni usiweke. Mumeo ana nia njema kabisa na nisingependa nia hiyo ipotee. Hela hiyohiyo inaweza kubaki kwenye gari lako. Kama bado una bima ndogo, ile inayomlipa unayemgonga tu, akukatie bima kubwa inayolifidia na gari lako. Tuseme Harrier yako ina thamani ya milioni 45: kwa kiwango cha asilimia 3.5, ambacho wengi wanakifahamu, ni shilingi 1,575,000, na ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika kama 1,858,500 kwa mwaka. Milioni 10 inakufunika zaidi ya miaka mitano. Najua bima haipigwi picha kwenye sherehe. Basi akufungie kifaa cha kulifuatilia gari, akubadilishie matairi manne kabla ya safari yako ijayo ya Kariakoo, na kinachobaki akununulie kitu cha dhahabu chenye jina lako, ukivae unapotaka na ukivue unapotaka.

Kama mmeshaamua na hamrudi nyuma, fanyeni hivi. Msitumie jina linalojulikana sokoni wala jina la duka. Chagueni herufi chache zenye maana kwenu wawili, ambazo mteja wa sokoni Makoroboi hapo Mwanza hawezi kuzihusisha na wewe. Hapo zawadi inabaki yenu na sehemu kubwa ya hatari niliyoieleza inapungua. Lipeni faini na maegesho yote yanayodaiwa kwenye namba ya sasa kabla ya kubadilisha, na mtunze risiti. Siku pleti mpya inafungwa, ndiyo siku ya kuiandikia kampuni ya bima, na usiendeshe mpaka wamekupa hati inayosoma namba mpya. Gari hilo asiendeshe mtu mwingine zaidi yenu wawili, hata kama ni mdogo wako. Na mkae leo, kabla hata ya kulipa, mkubaliane kwamba baada ya miaka mitatu jina linatoka, liwe limependeza au halikupendeza. Andikeni makubaliano hayo na myaweke kwenye faili pamoja na kadi ya gari, ili siku hiyo ikifika msiyajadili upya mkiwa na macho ya majirani mbele yenu.

Ukitaka, nitumie hizo herufi mlizochagua kabla mumeo hajakwenda TRA. Nitazisoma kama mtu baki anayelipita gari lako barabarani, na nitakwambia nimekujua au sijakujua.